Faili la mfanyakazi: mwongozo kwa mwenye zahanati binafsi Tanzania Bara

Wakaguzi walifika saa nne asubuhi, foleni ya kina mama na watoto imefika mlangoni. Nilidhani wataanzia chumba cha sindano au friji ya dawa. Wakaketi ofisini, mmoja akafungua daftari lake akasema, "Tuanze na mafaili ya watumishi." Nikatoa la mtaalamu wa maabara. Nakala ya leseni ilikuwemo, imepigwa muhuri vizuri, ila muda wake ulikuwa umekwisha miezi saba nyuma. Mwenyewe akaitwa, akasimama pale na glavu mkononi, akiisoma ile tarehe kama anaiona mara ya kwanza. Maabara ikafungwa mchana ule ule. Mama aliyekuwa anasubiri mwanawe apimwe malaria akaelekezwa kituo kingine, akapanda bodaboda na mtoto anachemka mwili.

Nilikuwa msimamizi wa zahanati hiyo, na kosa lile lilikuwa langu. Tangu siku ile nimesaidia wenye zahanati na polikliniki kadhaa kupanga mambo yao, na karibu kila nilikoingia nimekuta hali moja: dawa zimepangwa, kuta zimepakwa rangi, mashine mpya ipo, lakini faili la nesi wa zamu ya usiku lina barua moja ya maombi ya kazi na picha ndogo. Humo ndimo zahanati inamoanza kuporomokea. Nitaeleza hatua ninazozifuata mimi, kwa mpangilio ninaouona unafaa. Ni kwa Tanzania Bara. Zanzibar ina Sheria yake ya Ajira Na. 11 ya mwaka 2005 na mfuko wake wa hifadhi ya jamii, kwa hiyo aliye Unguja au Pemba asichukue tarakimu za hapa akazitumia kule.

Hatua ya 1: Hesabu watu wote, hata wasio kwenye orodha ya mishahara

Chukua karatasi, kaa getini siku tatu mfululizo, andika jina la kila anayeingia kufanya kazi. Utawapata walioajiriwa, utampata mlinzi, dada wa usafi anayebeba taka za sindano, daktari anayekuja jioni, na utawapata wale tunaowaita "wanaojitolea": kijana aliyemaliza chuo, anavaa koti jeupe, anapanga foleni, anachoma sindano, mwisho wa mwezi anapewa nauli.

Hapa wengi hushtuka. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, kifungu cha 61, inasema mtu atachukuliwa kuwa mfanyakazi, mpaka ithibitishwe vinginevyo, ikiwa lipo hata jambo moja kati ya haya: anafanya kazi kwa kuelekezwa na wewe, saa zake unazipanga wewe, yeye ni sehemu ya taasisi yako, amekufanyia kazi kwa wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi katika miezi 3 iliyopita, anakutegemea kiuchumi, anatumia vifaa vyako, au anamfanyia kazi mtu mmoja tu. Jina mlilolipa mpango wenu halibadilishi kitu.

Mpigie hesabu daktari wa jioni. Anakuja siku 4 kwa wiki, saa 3 kila siku. Kwa wiki 4 hiyo ni saa 48. Ameshavuka 45, na koti, kitanda, mashine ya presha na kitabu cha dawa vyote ni vyako. Akidai kesho kwamba ni mfanyakazi wako, mzigo wa kuonyesha vinginevyo unao wewe. Basi kaa naye mapema mwandikishane: anakuja siku gani, saa ngapi, analipwaje, na nani anabeba dhamana ya mgonjwa akishaondoka. Kama ana mwajiri mwingine, muulize ruhusa ya mwajiri huyo, uiweke kwenye faili.

Na huyo kijana anayejitolea, nasema kwa moyo wote: mpe mkataba. Kama huwezi kumlipa, usimpangie zamu. Mtu anayemchoma mgonjwa sindano saa nane usiku chini ya paa lako anafanya kazi, na nauli haiwezi kuitwa mshahara.

Hatua ya 2: Leseni moja moja, mkononi

Kila kada ina baraza lake. Daktari na tabibu wako chini ya Baraza la Madaktari Tanganyika, kwa sheria ya mwaka 2017. Muuguzi na mkunga ni Baraza la Uuguzi na Ukunga, sheria ya 2010. Mfamasia na fundi dawa sanifu wana Baraza la Famasi, na watu wa maabara wana Baraza la Wataalamu wa Maabara za Afya. Nakala ya cheti cha chuo haimruhusu mtu kugusa mgonjwa. Kinachomruhusu ni usajili, pamoja na leseni ambayo muda wake haujaisha.

Usiishie kupokea nakala. Ingia kwenye mfumo wa baraza husika utafute namba yake, kwa sababu nakala zinachezewa. Kisha chora jedwali la ukutani: jina, kada, namba ya usajili, tarehe ya mwisho. Mimi huandika pia tarehe ya siku 60 kabla, kwa kalamu nyekundu, maana mtu huhitaji muda wa kukamilisha pointi za mafunzo endelevu kabla ya kuhuisha leseni. Yule wa maabara yangu angekuwa na siku 60 za kuhangaika. Sisi wote wawili hatukuzitumia kwa kuwa hakuna aliyeziandika popote.

Leseni za jengo nazo ziko njia mbalimbali: zahanati yenyewe kwa Bodi ya Ushauri ya Hospitali Binafsi, maabara kwa bodi ya maabara binafsi, eksirei kwa Tume ya Nguvu za Atomiki. Tarehe zao ziingie kwenye jedwali hilo hilo.

Hatua ya 3: Andika maelezo ya ajira

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya mwaka 2004 ndiyo kitabu chako cha kila siku. Kifungu cha 15 kinataka umpe mfanyakazi, anapoanza kazi, maelezo ya maandishi: jina, umri, jinsia na anuani yake ya kudumu, mahali alipoajiriwa, kazi yake, tarehe ya kuanza, aina ya mkataba na muda wake, kituo cha kazi, saa za kazi, na mshahara, unavyokokotolewa, pamoja na marupurupu mengine. Ukurasa mmoja na nusu unatosha. Kama dada wa usafi hasomi vizuri, sheria inataka aelezwe kwa namna anayoielewa. Msomee, muulize ameelewa nini, ndipo asaini.

Watu hupuuza "mahali alipoajiriwa". Kama ulimtoa nesi Songea ukamleta Kibaha, siku mnaachana ana haki ya kurudishwa Songea, na hiyo ni nauli yake na mizigo yake.

Maelezo hayo uyatunze miaka 5 baada ya mtu kuondoka. Na kifungu hicho hicho kina jambo zito: kesi ikifika mbele ya sheria na wewe huna maelezo ya maandishi, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalodaiwa ni wako. Akisema mlikubaliana Sh 900,000, na wewe unakumbuka Sh 600,000 mlizozungumza kwenye simu, utathibitisha kwa nini?

Mshahara wenyewe usiwe chini ya Amri ya Mshahara kwa sekta ya afya. Amri mpya ya sekta binafsi imeanza kutumika Januari 2026, na kwa wastani imepandisha kima cha chini kwa asilimia 33.4. Kama mikataba yako ni ya kabla ya hapo, ipitie yote, hasa ya wahudumu na walinzi, kwa maana hao ndio hubaki chini ya mstari bila mtu kuona.

Muda wa majaribio usizidi miezi 12. Nimewahi kukuta mhudumu aliye kwenye majaribio mwaka wa tatu.

Hatua ya 4: Rosta, na hela ya usiku

Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu malalamiko mengi ya manesi yanatoka kwenye rosta, na wenye zahanati wengi hawakosei kwa ubaya. Hawajawahi kukaa na kikokotoo.

Saa za kawaida ni zisizozidi 45 kwa wiki, 9 kwa siku, siku 6. Hakuna mtu kufanya kazi zaidi ya saa 12 kwa siku, hata kama anataka. Saa za ziada ziwe kwa makubaliano, zisizidi 50 katika wiki 4, na kila moja inalipwa mara moja na nusu. Usiku, kwa sheria hii, ni kuanzia saa 2 usiku mpaka saa 12 asubuhi, na kila saa ya humo inaongezwa asilimia 5 ya mshahara wa msingi.

Sasa zahanati nyingi zinaendesha zamu za saa 12, saa 1 usiku mpaka saa 1 asubuhi. Inaruhusiwa, ila lazima kuwe na makubaliano ya maandishi, na kwa makubaliano hayo mtu asipangiwe zaidi ya siku 5 kwa wiki, wala zaidi ya saa 45 za kawaida, wala zaidi ya saa 10 za ziada kwa wiki. Rosta iliyobandikwa ukutani haihesabiki kuwa makubaliano. Andika karatasi, wasaini.

Tuchukue nesi wa mshahara wa msingi wa Sh 600,000. Jedwali la kwanza la sheria linasema mshahara wa mwezi ugawanywe kwa 4.333 mara saa za wiki. Kwa saa 45 unapata takriban saa 195, kwa hiyo saa yake moja ni Sh 3,077. Nyongeza ya usiku ni asilimia 5 ya hapo, kama Sh 154 kwa saa. Katika zamu ya saa 1 mpaka saa 1, saa za usiku ni 10. Zamu moja, Sh 1,540 hivi. Akifanya zamu 10 kwa mwezi, anakudai kama Sh 15,400. Tazama udogo wa hela hiyo, kisha fikiria imelimbikizwa miaka minne, kwa manesi sita, ikidaiwa kwa pamoja mbele ya msuluhishi.

Kuna jambo la mapumziko pia. Aliyefanya kazi saa 5 mfululizo ana haki ya kupumzika dakika 60, na saa hiyo si lazima ulipe. Kwa hesabu hiyo zamu 4 za saa 12 ni saa 44 za kazi, uko ndani ya 45. Lakini nesi aliye peke yake usiku hapumziki. Anakula wali wake mezani, sikio liko wodini, na mlango ukigongwa anaacha sahani. Sheria inasema mapumziko ambayo mtu anatakiwa kufanya kazi, au kuwa tayari kwa kazi, yanalipwa. Basi zamu zake 4 ni saa 48, na saa 3 ni za ziada, kila moja karibu Sh 4,616, tena zikiangukia usiku ile asilimia 5 inakokotolewa juu ya kiwango hicho cha ziada.

Sikukuu, na siku yake ya mapumziko ya wiki, kila saa ni mara mbili. Idi, Krismasi, Nane Nane: mgonjwa hasubiri, na nesi aliyeacha wanawe nyumbani siku hiyo alipwe alichostahili, bila kuja kuomba.

Kingine ni kuchelewa kupokezana. Wa asubuhi amekwama kwenye daladala mpaka saa 3, wa usiku hawezi kuacha wodi, anatimiza saa 14. Umevunja sheria, na mtu aliyechoka hivyo anaweza kukosea dozi ya mtoto. Weka mtu wa akiba anayekaa jirani, jina lake na simu yake vikiwa chini ya rosta.

Weka daftari la mahudhurio lenye saa halisi za kuingia na kutoka. Saini pekee, bila saa, haikusaidii siku ya hesabu.

Hatua ya 5: Makato na michango

Kodi ya mshahara inafika TRA ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha. NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, na usimkate mfanyakazi zaidi ya nusu ya mchango huo. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ni wa mwajiri peke yake. Ukiona mhasibu amemkata nesi "WCF", rudisha hela hiyo leo. Wafanyakazi wakifika 10, kuna tozo ya maendeleo ya ujuzi. Na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge mwaka 2023, inamtaka mwajiri wa sekta rasmi amsajili mfanyakazi wake na kumchangia. Usiseme "anatibiwa hapa hapa kwetu". Zahanati yako haimfanyii upasuaji.

Kila mwezi mpe kila mmoja karatasi ya mshahara inayoonyesha stahili na makato. Makato yasiyoeleweka huzaa minong'ono, na minong'ono ya famasi hufika mbali.

Halafu kuna tabia moja ya kuacha kabisa. Dawa zimepungua kwenye hesabu, au mashine ya kupimia sukari imeanguka ikavunjika, mwenye zahanati anakata mshahara wa zamu nzima. Sheria, kifungu cha 28, haikuruhusu hivyo. Hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa la mtu huyo. Umpe maelezo ya maandishi ya sababu na kiasi, umpe nafasi ya kujitetea, usidai zaidi ya hasara halisi, na makato yasizidi robo ya mshahara wake. Kukata zamu nzima kwa sababu hujui nani kavunja hakupiti popote hapo.

Hatua ya 6: Sindano ikimchoma nesi

Saa tisa usiku, dada mmoja niliyekuwa nikifanya naye kazi alikuwa anarudishia kifuniko cha sindano baada ya kumtoa mgonjwa damu. Umeme uliyumba kidogo, sindano ikapita kwenye glavu, ikaingia kidole cha shahada. Alinawa, akafunga plasta, akaendelea. Aliniambia siku ya nne. Alikuwa amelia siku zote hizo peke yake nyumbani, na saa 72 zilikuwa zimeshapita.

Namshukuru Mungu vipimo vyake vyote vilitoka salama. Lakini nilijiuliza kwa nini hakuniambia, na jibu lilikuwa wazi: hapakuwa na karatasi ukutani, hapakuwa na fomu, na alidhani nitamlaumu kwa kurudishia kifuniko. Kwa hiyo andika, kwa herufi kubwa, ubandike chumba cha sindano, maabara na chumba cha kujifungulia:

*Ukichomwa, osha kwa maji yanayotiririka na sabuni. Usikamue. Mwambie kiongozi wa zamu saa hiyo hiyo, hata usiku. Dawa za kinga ya VVU zianze mapema kadiri inavyowezekana, mwisho saa 72, na humezwa siku 28. Hakuna atakayelaumiwa.*

Mstari wa mwisho usiufute. Na kama zahanati yako haina dawa hizo, andika jina la kituo cha karibu kinachozitoa usiku, namba ya dereva, na nani anashika zamu nesi akiondoka. Bila mtu wa kumshikia, hataondoka.

Kisha karatasi. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 inakutaka utoe taarifa ya ajali kwa WCF ndani ya siku 7 tangu uipate. Jaza hata kama jeraha ni tone moja la damu, kwa sababu homa ya ini haionekani wiki ya kwanza, na miaka miwili baadaye utaulizwa ajali hiyo iliandikwa wapi. Muhimu pia vipimo vya siku ile ile viwepo, vinavyoonyesha alivyokuwa kabla.

Kinga ni bora zaidi. Chanjo ya homa ya ini B ni dozi tatu, mwanzo, baada ya mwezi, na mwezi wa sita. Mchanje kila anayegusa damu, na dada wa usafi awe wa kwanza, maana sindano iliyotupwa vibaya humngoja yeye kwenye mfuko wa taka. Boksi la usalama libadilishwe likijaa robo tatu. Chini ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 unatakiwa kusajili kituo chako OSHA, wakala wa serikali wa usalama kazini, na kupima afya za watumishi kwa mujibu wa kazi zao. Upimaji huo usigeuke njia ya kuwapima VVU wanaoomba kazi. Sheria ya VVU na UKIMWI ya mwaka 2008 inakataza kumlazimisha mtu kupima, na inakataza kumbagua.

Hatua ya 7: Likizo, na mama aliyejifungua

Likizo ya mwaka ni siku 28. Ya ugonjwa ni siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, nusu ya kwanza kwa mshahara kamili na nusu ya pili kwa nusu mshahara. Baba anapata siku 3, ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Mama siku 84, na 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Marekebisho ya sheria za kazi ya mwaka 2025 yameongeza jambo lililochelewa sana: mama wa mtoto njiti anarefushiwa likizo kufidia wiki zilizobaki hadi kutimia 40. Sisi tunaowafundisha kina mama kumbeba njiti kifuani kwa kangaroo tulikuwa tunawaita manesi wetu wenyewe warudi kazini mtoto akiwa hajafikisha hata kilo mbili.

Mjamzito asipangiwe usiku miezi 2 kabla ya tarehe ya kujifungua, wala mama miezi 2 baada ya kujifungua, na zaidi ya hapo kama cheti cha daktari kinasema hivyo. Akirudi, anaruhusiwa hadi saa 2 kwa siku za kunyonyesha. Andika saa hizo kwenye rosta, zisiwe fadhila ya kiongozi wa zamu.

Hatua ya 8: Siri za wagonjwa, na za wafanyakazi

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na Tume yake ilizinduliwa Aprili 2024. Taarifa za afya ni taarifa nyeti. Zahanati inazikusanya kuanzia mapokezi, kwa hiyo unatakiwa kujisajili kwenye Tume na kuteua mtu wa kusimamia ulinzi huo.

Siku ya kwanza fanya jambo dogo: fungua kundi la WhatsApp la watumishi, rudi nyuma miezi mitatu. Utaona picha za eksirei zenye majina, picha ya kadi ya kliniki, "jamani huyu ana nini?" Nia ni njema, wanaombana ushauri. Futeni, mkubaliane kwamba picha haitoki bila jina kufichwa na bila ridhaa ya mgonjwa.

Mfanyakazi akitibiwa kwako naye ni mgonjwa. Faili lake la matibabu lisikae kabati moja na faili lake la ajira, na wewe mwenye zahanati usilisome. ED, ile karatasi ya daktari ya kumpumzisha kazi, inatosha kukuonyesha siku ngapi hatakuwepo.

Hatua ya 9: Mnapoachana

Kumwachisha mtu kazi kunahitaji sababu halali na utaratibu wa haki. Mteja amelalamika kwamba nesi alimtukana: usiandike barua ya kufukuza jioni hiyo hiyo. Chunguza, mwandikie tuhuma, mpe angalau saa 48 ajiandae, aje na mwenzake au kiongozi wa chama cha wafanyakazi, asikilizwe, kisha umpe uamuzi kwa maandishi. Anayelipwa kwa mwezi notisi yake ni siku 28. Aliyemaliza mwaka ana kiinua mgongo cha mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka kamili, hadi miaka 10, isipokuwa kama ameachishwa kihalali kwa utovu wa nidhamu. Cheti cha utumishi ni haki yake hata kama mmeachana kwa ugomvi.

Asiporidhika ana siku 30 za kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, kwa shauri la kuachishwa; madai mengine ni siku 60. Ukiitwa, nenda mwenyewe na faili. Siku ya usuluhishi mengi huisha mezani, wakati bado mnaweza kuzungumza kama watu waliowahi kushika zamu pamoja.

Hatua ya 10: Siku ya ukaguzi

Pokea barua yao, soma wametumwa na nani, andika majina yao kwenye kitabu cha wageni. Mpe mmoja wa watumishi kazi ya kuendelea na foleni, mwingine alete mafaili. Jibu unachoulizwa. Kama karatasi haipo, sema haipo, na lini itapatikana. Usiitengeneze usiku huo, kwa maana tarehe za wino mbichi wanazijua. Mwisho omba nakala ya taarifa yao kabla hawajapanda gari, na kila kasoro waliyoiandika uiwekee jina la mtu na tarehe, pale pale, pembeni ya jedwali la leseni.